Kaluvu ni Babu ya Hiyo Bia Yako ya Brunch

Wikendi Nairobi siku hizi ni brunch. Mayai, pancake, avokado juu ya mkate, na glasi ndefu ya bia ya ngano yenye ukungu ndani. Picha kwanza, halafu ndio unywe. Sina shida na hiyo. (Kama hujafika miaka 18, chukua juisi, historia ni ya wote.) Shida yangu ni ile story kwamba kunywa bia taratibu na chakula ni ustaarabu wa kizungu, na sisi watu wa Kitui na Makueni tumekuja juzi kujifunza.

Hebu tuanze na wazungu wenyewe. Mwaka 1516 Bavaria waliweka sheria: bia ni shayiri, hopsi na maji, basi. Baadaye watawala wao, ukoo wa Wittelsbach, wakajipa wenyewe haki ya kupika bia ya ngano na kuvuna pesa yake. Raia wa kawaida, Georg Schneider, aliipata haki hiyo mwaka 1872. Kule Ubelgiji, bia ya ngano ya kijiji cha Hoegaarden ilikuwa imeshakufa miaka ya 1950, hadi Pierre Celis, jamaa aliyewahi kuuza maziwa, akaifufua katikati ya miaka ya 1960. Yaani hiyo bia unayolipia bei ya sherehe ni pombe ya kienyeji ya watu fulani. Tofauti ni kwamba yao ilipata mtetezi.

Sasa njoo Ukambani. Ngano haipendi ukame wetu, kwa hivyo pombe yetu ilitoka kwa asali ya mizinga ya magogo, ile unaiona bado ikining'inia mitini ukielekea Mwingi, au kwa miwa. Unachanganya na maji, unatia tunda kavu la muratina, lile refu kama soseji, unaacha karibu na moto ichachuke. Hiyo ndiyo kaluvu. Haikuwa ya kulewa ovyo: wazee waliinywa wakijadili mahari, na nyingine ilimwagwa ithembo kwa ajili ya mababu. Kijana kama mimi singepewa hata tone, na sitajifanya hiyo sehemu inanifurahisha.

Mkoloni alipokuja alifanya kama Wittelsbach. Miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilijipa yenyewe haki ya kuuzia Waafrika pombe ya kienyeji kule Pumwani. Bia ya chupa? Mwafrika hakuruhusiwa kuinunua hadi mwishoni mwa miaka ya 1940, na Tusker ilikuwa sokoni tangu 1923! Uhuru ulikuja, lakini pombe za kienyeji zikabaki na sheria yao ya pembeni, na 1980 Bunge likapiga chang'aa marufuku kabisa. Marufuku ya chang'aa ilifutwa 2010, na ile sheria ya Mututho. Lakini kwa mama anayepika mtungi mmoja kijijini, leseni na vipimo vya ubora ni mlima, so bado anatoroka askari.

Na tusisahau mtama. Senator Keg ilipoanza 2004, bei yake ilikuwa chini kwa sababu serikali iliipunguzia ushuru, na baadaye ikapikwa kwa mtama, zao ambalo wakulima wa Kitui na Makueni wanaliweza hata mvua ikikataa. Mwaka 2013 ushuru ukapandishwa, mauzo yakaanguka, na waliopanda wakabaki na magunia. Mistari michache ya bajeti Nairobi, na karo ya mtoto Kitui inapotea. Hiyo hatupigi picha.

Haya, ladha. Bia ya ngano ya Ujerumani ina harufu ya ndizi na karafuu, na hakuna aliyetia ndizi. Ni hamira inafanya hivyo. Ni nzito, inashiba, na kwangu ndiyo inayoelewana na muthokoi uliokaangwa na vitunguu. Ya Ubelgiji ni nyepesi, imetiwa giligilani na maganda ya chungwa, so inataka matunda: machungwa ya Makueni, embe, labda samaki. Mayai na soseji, rudi kwa Mjerumani. Wao kule Munich huila soseji yao nyeupe na bia hiyo kabla ya saa sita mchana, brunch kabla ya brunch.

Kaluvu ni tamu mwanzoni, kali mwishoni, na ina moshi kidogo. Kwa mbuzi choma ingezipiga zote mbili, lakini hiyo haiko kwa menyu yoyote ya Westlands.