Mwalimu wa Fasihi na Lugha ya Mikono

Mwaka 1955 William Stokoe alianza kufundisha Kiingereza katika Chuo cha Gallaudet, chuo cha viziwi kilichopo Washington, Marekani. Alibobea katika fasihi ya kale ya Kiingereza, na lugha ya alama hakuijua. Wataalamu wa isimu wa enzi hizo walijishughulisha na sauti. Mikono ya wanafunzi wake waliiona kuwa maigizo tu.

Dharau hiyo ilikuwa ya siku nyingi. Mwaka 1880 mkutano wa walimu wa viziwi huko Milan, Italia, uliazimia kuwa viziwi wafundishwe kwa mdomo. Kwa vizazi kadhaa, watoto wengi waliadhibiwa kwa kutumia mikono shuleni.

Stokoe alitazama kwa makini. Katika alama za Kimarekani, "mama" na "baba" hufanywa kwa mkono uleule: vidole vitano vimekunjuliwa, gumba linagusa uso. Likigusa kidevu, ni mama. Likigusa paji la uso, ni baba. Hakuna kingine kinachobadilika, kama sauti moja inavyotenganisha "pata" na "bata". Akaonyesha kwamba alama hujengwa kwa umbo la mkono, mahali unapowekwa na mwendo wake. Matokeo hayo aliyachapisha mwaka 1960, na isimu ya lugha za alama ikaanza.

Chuoni kwake walimbeza, viziwi kwa wasikiaji. Hakuacha. Mwaka 1965 ikatoka kamusi ya Lugha ya Alama ya Marekani, aliyoiandika na Dorothy Casterline na Carl Croneberg, wote wawili viziwi. Majina yao hutajwa kwa nadra, na hiyo si haki: Croneberg ndiye aliyeeleza humo jinsi alama za viziwi weusi wa kusini zilivyotofautiana na za wazungu.

Baadaye watafiti wakagundua kwamba kiziwi akiumia upande wa kushoto wa ubongo, anaweza kupoteza uwezo wa kutumia alama, sawa na msemaji anayepoteza maneno. Ubishi ukakosa pa kusimama.

Huku kwetu, Katiba ya Uganda ya 1995 inaitaka serikali ikuze lugha ya alama. Ile ya Kenya ya 2010 imeifanya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Vyuo vikuu vyetu navyo viwape viziwi nafasi ya kuzitafiti lugha zao wenyewe, kama walivyofanya Casterline na Croneberg.