Pensheni hutambaa, bei hukimbia: Mwongozo kwa wanaokaribia kustaafu Isiolo

MTUMISHI wa umma nchini Kenya hustaafu akiwa na umri wa miaka 60, kiwango kilichoanza kutumika mwaka 2009 badala ya miaka 55. Wengi hupiga hesabu ya malipo watakayopokea siku hiyo. Wachache hujiuliza yatanunua nini baadaye.

Bei zikipanda kwa asilimia 6 kila mwaka, huongezeka maradufu katika miaka 12 hivi. Anayejikimu leo kwa Sh30,000 kwa mwezi atahitaji takriban Sh60,000 atakapofika miaka 72. Ilhali pensheni ya serikali ya mfumo wa zamani huongezwa asilimia 3 kila baada ya miaka miwili. Sh30,000 hizo zitakuwa zimefika Sh35,800 pekee. Pengo hilo yafaa lizibwe mtu akiwa bado kazini.

Isiolo, pengo hilo huhisiwa mapema. Mboga na viazi hutoka Meru, na bidhaa za viwandani hutoka mbali zaidi kwa malori. Mafuta yakipanda bei, soko hufuata. Kiangazi kikizidi, hata maji hununuliwa.

Michango

Mfumo mpya wa pensheni ya watumishi wa umma ulianza Januari 2021. Mfanyakazi huchangia asilimia 7.5 ya mshahara na serikali asilimia 15. Malipo hutegemea kilichochangwa na faida yake.

Katika Hazina ya Kitaifa ya Malipo ya Uzeeni (NSSF), mfanyakazi na mwajiri walikuwa wakitoa Sh200 kila mmoja hadi viwango vipya vilipoanza Februari 2023. Kwa viwango vya awali, miaka 20 ya michango ilikuwa Sh96,000 kabla ya faida. Aliyechangia hivyo anahitaji akiba nyingine.

Mpango wa Inua Jamii hutoa Sh2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi, lakini haukukusudiwa wanaopokea pensheni.

Mifugo

Mifugo ndiyo akiba ya jadi Isiolo, na ina manufaa: bei yake aghalabu hupanda pamoja na nyingine, na maziwa ya ngamia huleta fedha kila siku. Hata hivyo, ukame wa 2020 hadi 2023 uliangamiza zaidi ya mifugo milioni mbili katika kaunti kame za Kenya. Anayetia malipo yake yote zizini huenda akayapoteza kwa msimu mmoja.

Busara ni kuyagawanya: sehemu iwe mifugo, sehemu nyumba ya kupangisha, kwa kuwa kodi hubadilika kulingana na wakati, na sehemu hatifungani za serikali zinazonunuliwa kupitia Benki Kuu. Riba ya hatifungani aghalabu haibadiliki, hivyo sehemu yake irudishwe kwenye akiba kila inapolipwa.

Kadhalika, mstaafu asiache kulipia bima ya afya, kwani gharama ya matibabu huongezeka kadiri umri unavyosonga. Akiba haiozi, lakini isipokua, bei huila.