Nyota, namba, reli: kwa nini kitochi kinatuma pesa bila bando

Ukiwa shambani na simu ya kitochi, bila bando lolote, unabonyeza *150*00# na menyu inafunguka. Unachagua kutuma pesa, unaandika namba ya unayemtumia, kiasi na namba ya siri. Muda si mrefu ndugu yako aliye mkoa mwingine anapata ujumbe kwamba pesa imeingia. Jirani yako mwenye simu janja bado anaangalia programu ya benki ikizunguka, kwa sababu pale mlipo hakuna intaneti.

Wasikilizaji wetu huuliza maswali matatu kuhusu jambo hili. Menyu hii inapita wapi? Mbona inakatika katikati? Na je, ni salama? Tunayajibu hapa kwa kirefu kuliko muda wa kipindi unavyoruhusu. Pesa ya mavuno, ada ya mtoto na nauli ya kumfikisha mgonjwa hospitali hupita kwenye menyu hiyo, na mtu asiyejua inavyofanya kazi anaweza kuipoteza kwa kubonyeza mara moja tu.

Inapita njia gani

Teknolojia hii inaitwa USSD. Ili kuielewa, jua kwanza kwamba simu na mnara huwasiliana kwa njia zaidi ya moja. Kuna njia ya sauti unapoongea na kuna njia ya intaneti unapokuwa na bando. Ipo na njia ya tatu ambayo hatuioni, njia ya ishara. Kwa njia hiyo simu huuambia mnara "nipo hapa", na mnara huiambia simu "unapigiwa". Njia hii iko wazi muda wote laini yako inaposhika mtandao. USSD hupanda humo humo, ndiyo maana haihitaji bando wala simu ya gharama.

Ukiandika namba inayoanza na nyota na kuishia na reli, simu inatambua kwamba hupigi kwa mtu. Baadhi ya namba hizo simu huzijibu yenyewe. Mfano ni *#06#, inayoonyesha namba ya utambulisho wa simu, yaani IMEI, yenye tarakimu 15. Hiyo hufanya kazi hata pasipo mtandao. Namba nyingine hupelekwa mnarani, kisha kwenye kompyuta za kampuni ya simu. Huko kuna mtambo unaosoma tarakimu na kujua ombi liende wapi: kwenye salio la muda wa maongezi, kwenye pesa, au kwa mtoa huduma mwingine.

Jibu hurudi kwa njia ile ile, likiwa maandishi matupu. Ukurasa mmoja wa USSD hubeba herufi 182 tu, na ujumbe mmoja wa SMS herufi 160. Ndiyo maana menyu huandikwa kwa mkato, na ikiwa ndefu unaambiwa ubonyeze namba fulani kuendelea.

Kwa nini inakatika

SMS ni kama barua. Simu ya mwenzako ikiwa imezimwa, ujumbe hutunzwa kwenye kituo cha mtandao, na akiiwasha unamfikia. USSD ni kama mazungumzo ya ana kwa ana: simu yako na kompyuta ya huduma lazima ziwepo kwa wakati mmoja, moja iulize na nyingine ijibu. Ukichelewa kujibu, au mtandao ukiyumba, mazungumzo yanakatika na hakuna kinachobaki kwenye simu. Hata ukiwa bado unatafuta miwani usome jina, kompyuta inahesabu muda.

Hapa ndipo watu hupoteza pesa. Mtu ameshaandika namba ya siri na kutuma, mara skrini inaandika kuna tatizo la mtandao. Anadhani muamala umeshindikana, anarudia. Baada ya dakika chache zinaingia SMS mbili: pesa imeondoka mara mbili.

Kukatika kwa menyu si ushahidi kwamba muamala umeshindikana. Ukishatuma namba ya siri, ombi linaweza kuwa limeshafika na kushughulikiwa. Kilichopotea ni jibu la kurudi kwako. Kwa hiyo usirudie kabla hujaangalia salio. Likiwa limepungua, pesa imekwenda, subiri ujumbe. Likiwa halijapungua, subiri kidogo, angalia tena, ndipo urudie.

Nini ni salama, nini si salama

Maongezi kati ya simu na mnara kwa kawaida husafiri yakiwa yamefichwa kwa mahesabu, ingawa mbinu zinazotumika kwenye mitandao ya kizazi cha pili ni za zamani na dhaifu. Yakifika kwenye kompyuta za kampuni ya simu, hufunguliwa. USSD yenyewe haina kufuli la moja kwa moja kutoka kwenye simu yako hadi benki, kama programu nzuri za simu janja zilivyo nalo. Unaiamini kampuni inayobeba ombi lako.

Lakini mwizi wa kijijini hahitaji kuvunja mahesabu. Anahitaji kusimama nyuma yako. USSD haikuundwa na njia ya kuficha namba ya siri, hivyo kwenye simu nyingi unapoiandika tarakimu zote nne huonekana waziwazi. Kwa wakala, geuza mgongo ukutani, funika skrini kwa kiganja, na usimpe mtu simu akuandikie.

Kisha kuna matapeli wa SMS. Wengi tumepokea ule ujumbe wa "ile hela itume kwenye namba hii". Anayeutuma hajui kama unadaiwa. Anautuma kwa watu wengi akitegemea mmoja wao alikuwa anajiandaa kutuma pesa siku hiyo. Kinga yako ni jina. Kabla ya kuandika namba ya siri, menyu huonyesha jina la mpokeaji. Lisome lote. Kama si jina unalolijua, toka kwenye menyu.

Mwingine hupiga simu akidai anatoka huduma kwa wateja, akakusomea namba ya nyota na reli ubonyeze. Kuwa macho hasa na inayoanza na *21* ikifuatiwa na namba ya simu. Hiyo huhamisha simu zote unazopigiwa ziende kwenye namba hiyo, na benki ikikupigia kuuliza jambo, atakayepokea ni tapeli. Ukihisi umeshaibonyeza, bonyeza ##002#, ambayo hufuta uhamishaji wote wa simu kwenye laini yako.

Kwa walioko Tanzania, bonyeza pia *106# mara kwa mara. Itakuonyesha laini zilizosajiliwa kwa namba yako ya kitambulisho cha NIDA. Tangu Januari 20, 2020, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa, kwa hiyo tapeli anayetaka laini anahitaji kidole cha mtu, na kinaweza kuwa chako. Ukikuta laini usiyoijua, nenda kwa mtoa huduma iondolewe. Ujumbe wa kitapeli unatumwa kwenda 15040, namba iliyowekwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Wazo lilitoka kwa watumiaji

Huduma hii haikuanza kama tunavyoijua. Mwaka 2005 kampuni ya Vodafone na Safaricom ya Kenya zilianza majaribio kwa wakopaji wa taasisi ndogo ya fedha. Lengo lilikuwa warudishe mikopo kwa simu badala ya kubeba pesa mkononi. Wakopaji walipokabidhiwa huduma hiyo, wakaanza kuitumia kwa mahitaji yao, ikiwemo kutumiana pesa wao kwa wao. Waliokuwa wakiwatazama walielewa. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa Kenya kama huduma ya kutuma pesa, na mwaka 2008 ikafika Tanzania.

Kenya ilianza na menyu iliyowekwa ndani ya laini yenyewe. Tanzania ilitumia USSD, ambapo menyu inakaa kwenye kompyuta za kampuni. Kila njia ina faida yake. Menyu ya kwenye laini inaweza kuficha namba ya siri unapoiandika, lakini ukitaka kuibadilisha lazima ufikie kila laini iliyoko mikononi mwa watu. Menyu ya USSD inabadilishwa mahali pamoja, na kesho yake kila kitochi kinaiona mpya.

Kwa upande wa vifaa, mfano mzuri ni Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003. Ilikuwa na tochi, batani zilizofunikwa zisiingize vumbi, na pembeni pasipoteleza mkononi. Haikuwa na kamera. Zaidi ya 250,000,000 ziliuzwa duniani, na ni miongoni mwa simu zilizouzwa zaidi katika historia. Walioiunda walifikiria giza, vumbi na jasho la mtumiaji kabla ya kufikiria picha.

Kwa nini huduma mpya hazitufikii

Vijana wengi wenye ujuzi wa kompyuta wana mawazo mazuri kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Mbona mengi huishia kwenye programu za simu janja? Sababu moja ni gharama na ruhusa. Kijana anaweza kutengeneza programu akiwa chumbani kwake, akalipa dola 25 za Kimarekani mara moja tu kujisajili kwa Google, kisha akaiweka sokoni. Namba ya nyota na reli haipatikani hivyo. Anahitaji kibali cha mamlaka ya mawasiliano, makubaliano na kila kampuni ya simu, na malipo ya matumizi. Kampuni kama Africa's Talking ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 2010, zimepunguza mzigo huo kwa kuwakodishia wabunifu sehemu ya namba ya pamoja, lakini bado si bure.

Hata hivyo waliofanikiwa wapo. Nchini Kenya, Su Kahumbu alianzisha iCow, huduma inayomkumbusha mfugaji kwa SMS hatua za mimba ya ng'ombe na matunzo yake. Ilishinda shindano la Apps4Africa mwaka 2010. Tanzania, serikali ina menyu yake ya *152*00#, inayokusanya huduma za taasisi mbalimbali mahali pamoja, ili mwananchi asikariri namba tofauti kwa kila ofisi.

Mambo matatu tungependa wabunifu wayafikirie. La kwanza, sauti. USSD inamtaka mtu asome, na haraka. Mzee asiyeona vizuri, au mama asiyejua kusoma, hulazimika kumpa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri. Menyu ingeweza kumpigia na kumsomea jina na kiasi, naye akathibitisha kwa kuandika namba ya siri mwenyewe. Sisi wa redio tunajua watu wangapi hufikiwa na sauti ambao hawafikiwi na maandishi.

La pili, onyo la kurudia. Mtu akituma kiasi kile kile kwa namba ile ile ndani ya dakika chache, kila menyu imuulize kwanza: "Umeshatuma. Unataka kutuma tena?" Herufi hizo zinatosha kabisa kwenye ukurasa mmoja.

La tatu, muda. Anayechagua lugha, anayesoma jina au anayeandika kiasi apewe nafasi ya kutosha. Menyu iliyopimwa na kijana wa mjini mwenye vidole vyepesi inamkatikia mkulima mwenye mikono iliyokomaa kwa jembe.

Huduma mpya ikiletwa kijijini kwenu, iwe kwenye mkutano au kwa tangazo, waulizeni wanaoileta maswali haya kabla ya kujisajili:

1. Inafanya kazi kwenye kitochi, au inahitaji bando na simu janja?
2. Inakata kiasi gani, kila siku au kila mara, na ninajiondoaje?
3. Ikikatika katikati, nitajuaje kama pesa imeondoka?
4. Taarifa zangu anazo nani, na nikipata tatizo nimpigie nani?

Mwenye huduma nzuri atakujibu yote manne pale pale. Akisitasita kwenye la pili au la tatu, weka simu mfukoni kwanza, na umwambie jirani yako naye asubiri.