Cheti cha Mtoto

Mwaka 2001 mtoto mmoja, Danny Almonte, mzaliwa wa Jamhuri ya Dominika, aliishangaza Marekani. Alikuwa mrushaji mpira wa timu ya besiboli ya Bronx, New York. Tarehe 18 Agosti, katika mashindano ya watoto huko Pennsylvania, wapigaji 18 walisimama mbele yake. Hakuna hata mmoja aliyefika kituo cha kwanza. Timu ikamaliza ya tatu.

Umri wa mwisho ulikuwa miaka 12. Lakini vyeti vyake vya kuzaliwa vilikuwa viwili: kimoja cha 1989, kingine cha 1987. Tarehe 31 Agosti serikali ya nchi yake ikathibitisha kwamba alikuwa na miaka 14. Ushindi wote ukafutwa. Baba yake na kiongozi wa timu wakafungiwa maisha. Mkuu wa ligi alisema watu wazima ndio waliomtumia mtoto.

Mzazi mwenzangu, mkono wa kijana yule ulikuwa na kipawa cha kweli. Wakubwa wakakiweka juu ya uongo, na uongo ulipoanguka, kipawa kikaanguka nao. Wenzake nao wakapoteza walichokitolea jasho. Tunapompunguzia mtoto miaka ili apate kombe, je, aibu ataibeba nani?