Utayari wa miji: Migori na Homa Bay hupimwaje?

Tangu mataifa 193 wanachama wa Umoja wa Mataifa yapitishe Malengo ya Maendeleo Endelevu mnamo Septemba 2015, miji imekuwa na lengo lake mahususi, la 11, linaloitaka iwe salama na yenye nafasi kwa wote ifikapo mwaka wa 2030. Miji midogo ya kusini mwa Nyanza hudhihirisha jinsi kazi ya kupima utayari huo ilivyo ngumu.

Kipimo cha kwanza ni cha kisheria. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka wa 2011 ilitaka manispaa iwe na wakazi 250,000. Marekebisho ya mwaka wa 2019 yalishusha idadi hiyo hadi 50,000. Katika sensa ya mwaka huo, Kaunti ya Homa Bay ilikuwa na watu 1,131,950 na Migori 1,116,436, ila wengi wao huishi mashambani.

Kipimo cha pili kilikuja na fedha. Mpango wa kusaidia miji ulioidhinishwa na Benki ya Dunia mwaka wa 2017, wa dola milioni 300, ulilenga miji 59 katika kaunti 45. Kabla ya kugawiwa chochote, mji ulitakiwa kuonyesha hati ya manispaa, bodi na meneja. Masharti haya yana maana, kwani mji usio na msimamizi hauwezi kuulizwa lolote. Hata hivyo, huo ni utayari wa ofisini. Mwenye kubeba mtungi kilimani hauoni.

Ndiyo maana mradi wa maji na usafi wa Ziwa Victoria, ulioanzishwa na UN-Habitat mwaka wa 2004 pamoja na serikali za Kenya, Uganda na Tanzania, ungali na funzo. Homa Bay ilikuwa miongoni mwa miji ya kwanza kuhusishwa. Mji huu umejengwa kwenye ufuo wa Ghuba ya Winam, maji yakionekana kutoka madirishani, lakini kuyaona si kuyapata yakiwa safi. Wastani wa mji mzima huficha tofauti baina ya mtaa wenye mabomba na mitaa kama Shauri Yako na Makongeni. Mpimaji makini, basi, huingia nyumba kwa nyumba: maji hutoka wapi, debe moja ni bei gani, choo kinatumiwa na kaya ngapi, na taka huishia wapi mvua inyeshapo. Awamu ya pili ya mradi ilifika Isebania, mji wa mpakani katika Kaunti ya Migori.

Vipimo vya kimataifa navyo havitoshei kila mahali. Kimoja huuliza ni wakazi wangapi wanaoishi umbali wa mita 500 kutoka kituo cha basi. Katika mji ambako bodaboda humchukua abiria mlangoni, jibu hueleza machache sana. Kinachofaa zaidi ni kile kinacholinganisha kasi ya kupanuka kwa ardhi iliyojengwa na kasi ya kuongezeka kwa watu. Mjini Migori, ambako majengo hufuata barabara kuu ya kuelekea Tanzania, picha za setilaiti zinaweza kutoa jibu hilo kila mwaka.

Kwa idadi ya watu, sensa hufanywa kila baada ya miaka 10. Kaunti itakayosubiri ile ya 2029 itakuwa imebakiwa na mwaka mmoja tu.