Rufaa ya mgonjwa: historia ya kupinga kukataliwa kwa dai la matibabu katika mipango ya waajiri nchini Marekani

Utangulizi

Neno «rufaa» lina makazi mawili katika Kiswahili sanifu. Mahakamani, asiyeridhika na hukumu hukata rufaa ili kesi yake isikilizwe na mahakama iliyo juu zaidi. Hospitalini, mgonjwa ambaye ugonjwa wake umeishinda zahanati hupewa rufaa kwenda hospitali kubwa. Katika maana zote mbili jambo hutoka mkononi mwa aliyelishughulikia kwanza, likapandishwa kwa mwingine mwenye uwezo zaidi. Nchini Marekani maana hizo mbili hukutana katika mtu mmoja: mfanyakazi mgonjwa ambaye mpango wa matibabu wa mwajiri wake umekataa kulipa. Historia ya haki yake yaonyesha kwamba, kwa muda mrefu, rufaa hiyo ilikuwa na jina tu, haikupanda popote.

1. Jinsi bima ilivyofungamana na kazi

Mwaka 1929, katika mji wa Dallas, walimu walikubaliana na hospitali ya chuo kikuu cha Baylor kulipa senti 50 kila mwezi, nao wakahakikishiwa hadi siku 21 za kulazwa kwa mwaka. Mpango huo mdogo huhesabiwa kuwa chanzo kimojawapo cha bima ya matibabu ya Marekani. Lakini kilichoifunga bima hiyo na ajira ni vita. Mwaka 1942 serikali ilizuia kupandishwa kwa mishahara. Waajiri, waliokuwa wakigombania wafanyakazi wachache waliobaki, wakaanza kuwavuta kwa ahadi ya matibabu, kwani ahadi hiyo haikuhesabiwa kuwa nyongeza ya mshahara. Mwaka 1954 sheria ya kodi ikathibitisha kwamba mchango wa mwajiri katika bima hautozwi kodi kama mshahara. Leo watu zaidi ya milioni 150 hupata matibabu kwa njia hiyo.

Matokeo yake ni haya: mpango huchaguliwa na mwajiri na masharti huandikwa na wataalamu wake au kampuni ya bima. Mfanyakazi ambaye ndiye atakayeugua hupokea kijitabu kilichokwisha pigwa chapa.

2. Sheria ya mwaka 1974

Desemba 1963 kampuni ya magari ya Studebaker ilifunga kiwanda chake cha South Bend, jimboni Indiana. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza sehemu kubwa ya pensheni zao, wengine wakakosa zote. Kilio hicho, pamoja na juhudi za Seneta Jacob Javits, kilizaa sheria ijulikanayo kwa kifupi ERISA, iliyotiwa sahihi na Rais Gerald Ford tarehe 2 Septemba 1974.

Sheria hiyo ilitungwa hasa kwa ajili ya pensheni, lakini ikaingiza pia mipango ya matibabu ya waajiri binafsi. Kipengele chake cha 503 kina masharti mawili. La kwanza: anayenyimwa malipo lazima apewe taarifa ya maandishi yenye sababu mahsusi, iliyoandikwa kwa namna ambayo mshiriki wa mpango ataweza kuielewa. La pili: lazima apewe nafasi ya kutosha ili uamuzi huo uchunguzwe upya kwa ukamilifu na kwa haki. Kanuni za mwaka 1977 ziliongeza muda: siku 90 kwa mpango kutoa jibu la kwanza, siku zisizopungua 60 kwa mfanyakazi kukata rufaa, na siku 60 nyingine kwa mpango kuijibu.

Hatua hiyo haikuwa ndogo, kwa kuwa kukataa bila kutoa sababu kulikatazwa. Hata hivyo kulikuwa na kasoro katika msingi wake. Aliyechunguza rufaa alikuwa mpango wenyewe. Wahenga walikwisha kuonya juu ya kesi ya ngedere kumpelekea nyani.

3. Milango iliyofungwa

ERISA ilikuwa na kipengele kingine kilichofuta nguvu ya sheria za majimbo juu ya mipango ya waajiri. Nia ilikuwa kwamba mwajiri mwenye matawi katika majimbo mengi afuate sheria moja. Mwaka 1987, katika kesi ya Pilot Life dhidi ya Dedeaux, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mfanyakazi aliyenyimwa malipo hawezi kutumia sheria ya jimbo kudai fidia kwa kutendewa kwa nia mbaya. Aliweza kudai kile tu alichonyimwa. Kwa lugha ya soko, aliyekataa isivyo haki hakuhatarisha chochote zaidi ya deni lake la awali.

Mwaka 1989, katika kesi ya Firestone dhidi ya Bruch, mahakama hiyo ilisema kwamba majaji watalitazama dai upya, isipokuwa hati za mpango ziwe zimempa msimamizi mamlaka ya kuamua kwa busara yake. Haukupita muda mrefu kabla maneno hayo ya «mamlaka ya kuamua» hayajaonekana katika hati za mipango mingi. Pale yalipoandikwa, jaji alijiuliza tu kama uamuzi wa msimamizi ulikuwa wa kiholela, na kwa kawaida alisoma yale tu yaliyokuwamo katika jalada la rufaa. Barua ya daktari iliyosahauliwa wakati wa rufaa haikuweza kuongezwa mahakamani kwa urahisi.

Uzito wa mambo hayo waonekana katika kesi ya Corcoran dhidi ya United HealthCare. Mwaka 1989, jimboni Louisiana, mama mmoja aliyekuwa mfanyakazi wa kampuni ya simu alikuwa mjamzito, na daktari wake aliona hatari. Akashauri alazwe hospitalini hadi ajifungue. Kampuni iliyokagua madai kwa niaba ya mpango ilikataa, ikaruhusu muuguzi wa kumtazama nyumbani kwa saa 10 kwa siku. Tarehe 25 Oktoba, katika saa ambazo hakukuwa na muuguzi, mtoto alifia tumboni. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliamua kwamba ERISA iliwanyima wazazi njia ya kudai fidia kwa sheria ya jimbo, na sheria ya shirikisho yenyewe haikuwapa nyingine. Majaji wenyewe walikiri kwamba huenda kosa kubwa lilikuwa limetendeka na kwamba wazazi hao hawakuwa na pa kwenda.

Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba rufaa ya karatasi na ugonjwa wa mwili haviendi kwa mwendo mmoja. Siku 60 za kusubiri jibu ni nyingi kwa mtu ambaye hali yake hubadilika kwa saa.

4. Rufaa yaanza kupanda

Novemba 2000 Wizara ya Kazi ilitoa kanuni mpya, ambazo zilianza kutumika kwa mipango ya matibabu katika miaka ya 2002 na 2003. Dai la dharura lazima lijibiwe ndani ya saa 72. Mfanyakazi alipewa siku zisizopungua 180 za kukata rufaa. Aliyekataa mara ya kwanza hakuruhusiwa tena kuisikiliza rufaa, wala mtu aliye chini yake. Na palipo na suala la kitabibu, ilibidi mtaalamu wa tiba aulizwe.

Wakati huohuo majimbo yalikuwa yakitunga sheria za mkaguzi wa nje. Katika kesi ya Rush Prudential dhidi ya Moran, mwanamke wa Illinois alikuwa amejilipia mwenyewe upasuaji uliogharimu dola 94.841 baada ya kunyimwa. Daktari huru aliamua kwamba upasuaji ule ulihitajika. Mwaka 2002 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, iliithibitisha sheria ya Illinois. Ushindi huo ulikuwa na mpaka: sheria za majimbo ziliigusa mipango iliyonunua bima, lakini hazikuigusa ile ambayo mwajiri hulipa mwenyewe kutoka mfuko wake. Tena mwaka 2004, katika kesi ya Aetna dhidi ya Davila, majaji wote walikataa sheria ya Texas isitumiwe kudai fidia kwa madhara ya kunyimwa tiba.

Pengo la mkaguzi lilizibwa na sheria iliyotiwa sahihi na Rais Barack Obama tarehe 23 Machi 2010. Tangu hapo mipango mingi, hata ile ya waajiri wanaojilipia, hulazimika kukubali mkaguzi wa nje katika madai yanayohusu uamuzi wa kitabibu, na neno lake huufunga mpango. Mfanyakazi aliyeshindwa ndani ana miezi minne ya kumwomba. Ilichukua miaka 36, kuanzia 1974, rufaa hiyo kumfikia msikilizaji asiye mkono wa aliyekataa. Mlango wa fidia uliofungwa mwaka 1987, hata hivyo, haujafunguliwa.

5. Lugha ya barua

Sharti la mwaka 1974 kwamba sababu zieleweke liliacha swali moja: zieleweke kwa nani? Kanuni zilizofuata sheria ya 2010 zilijibu kwa hesabu. Katika wilaya ambamo angalau asilimia 10 ya wakazi husoma lugha moja tu isiyo Kiingereza, mpango hulazimika kutoa msaada katika lugha hiyo. Orodha ya kwanza ilikuwa na Kispania, Kichina, Kitagalogi na Kinavaho.

Kiswahili hakimo. Wakati huohuo, katika miaka kadhaa baada ya 2015, Kongo ilikuwa ya kwanza kwa idadi ya wakimbizi waliopokelewa Marekani, na wengi wao ni wasemaji wa Kiswahili. Kwa kuwa wametawanyika, hawafikii asilimia 10 popote. Hivyo mfanyakazi aliyetoka Kivu aweza kupokea barua ya kukataliwa asiyoielewa, huku siku zake 180 zikihesabiwa.

Hitimisho

Rufaa huhitaji mambo mawili: msikilizaji mwingine, na sababu zinazoeleweka. La kwanza limepatikana kwa taabu, kwa kesi na kwa misiba. La pili liliandikwa mapema zaidi, katika sheria ya 1974, lakini kwa msemaji wa Kiswahili bado halijatimia. Asiyejua kwa nini amekataliwa hana cha kupandisha mbele ya mkaguzi, hata mkaguzi huyo awe mwadilifu namna gani.