Utepe wa Gundi

Babu yangu alisokota tumbaku kwa karatasi za daftari langu la hesabu. Aliviringisha, akalamba ukingo, akabana kwa kidole gumba. Mara nyingi msokoto ulianza kufumuka kabla hajawasha kiberiti, akauvuta hadi mwisho akiwa ameubana kwa vidole viwili, kama mtoto aliyekamata panzi. Mate peke yake hayagandishi karatasi. Yakikauka, inaachia.

Miaka mingi baadaye, hosteli ya chuo, nilimwona mwenzangu akisokota bangi kwa karatasi ya dukani. Alilamba mara moja tu na haikufumuka tena. Nilichukua karatasi moja nikaiinua kwenye mwanga. Ukingo mmoja ulikuwa na utepe mwembamba unaong'aa. Gundi. Hicho ndicho alichokosa babu.

Karatasi yenyewe ina historia yenye majina. Rizla, kwa mfano, ni jina la ukoo wa Lacroix wa Ufaransa: riz ni mchele, la likafuata, na msalaba ukachorwa pembeni kumalizia. Gundi haina jina la mtu. Kwa kawaida hutoka kwenye mgunga ambao Wasudani huuita hashab, hasa katika nyanda kavu za Kordofan. Mvua zikiisha, mgemaji hubandua ukanda wa gome. Mti hutoa utomvu penye jeraha, na baada ya wiki chache utomvu huo huwa umeganda kuwa vidonge vya rangi ya kaharabu. Ukiulowanisha huyeyuka, ukikauka hushika. Ndiyo maana ulimi unatosha.

Wamisri wa kale waliitia gundi hii kwenye wino. Wazungu waliipaka kwenye stempu na bahasha, wakaiita gundi ya Kiarabu kwa kuwa iliwafikia kupitia wafanyabiashara Waarabu. Jina likamkumbuka muuzaji, likamwacha mgemaji.

Soko lake kuu ni mji wa El Obeid. Januari 1883, baada ya kuuzingira kwa miezi kadhaa, majeshi ya Mahdi yaliuteka, na biashara ya gundi ikavurugika. Mwaka 1997 Marekani iliiwekea Sudan vikwazo vya kiuchumi. Bidhaa nyingi zilifungiwa mlango, lakini gundi ikaachiwa ipite, kwa sababu viwanda vya soda na peremende vya Marekani viliihitaji. Nchi nzima iliweza kususiwa. Utomvu wa mti wake haukususika.

Kisha, Aprili 2023, vita vikaanza Khartoum kati ya jeshi la serikali na kikosi cha RSF, vikafika Kordofan. Barabara zilezile zinazopitisha magunia ya gundi zikawa barabara za wapiganaji na wakimbizi.

Babu alifariki bila kuugusa utepe ule. Mimi, kila nikimwona mtu akilamba karatasi, huwaza kuhusu msimu wa kugema. Msokoto haufumuki kwa sababu kuna mti uliochunwa gome mahali fulani Kordofan. Aliyeuchuna, kama bado yuko shambani kwake mwaka huu, hatumjui hata jina.